Asilimia Nne

Mwaka 1931 serikali ya Waingereza iliyokuwa ikiitawala Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia wenyeji kukopeshwa. Kwa lugha ya kawaida sheria ilisema hivi: asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila kibali cha maandishi cha mtawala, asije mahakamani kudai chake. Waliyoitetea walisema wanamlinda mkulima asije akafungwa na madeni ya mwenye duka mpaka shamba likaenda. Huenda wapo walioamini hivyo kwa dhati. Lakini hakuna benki wala tajiri wa jumla anayempa mali mtu ambaye hawezi kumshtaki, kwa hiyo kinga ikageuka ukuta. Na kama mwanamume mwenye mibuni yake Kilimanjaro alihesabiwa kuwa hawezi kubeba deni, mwanamke aliyekaanga vitumbua kwenye kibaraza cha Kariakoo hakuwemo hata katika hesabu yenyewe.

Naianza habari hii huko kwa sababu leo tunayo sheria inayosema kinyume chake. Tangu 2018, kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinaziamuru halmashauri za Tanzania Bara kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Miaka 87 imetutoa kwenye sheria inayokataza mkopo hadi sheria inayoulazimisha. Nilitaka kujua njia ilipita wapi, na sababu yangu haikuwa ya kisomi. Mama yangu mdogo ni mweka hazina wa kikundi cha wanawake wanaotengeneza siagi ya karanga, na kikundi chake kimewahi kuchukua fedha hizo. Hakutaka jina lake wala la kikundi liandikwe. Nimemtii.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba wanawake hawakuisubiri serikali iwafundishe kukopeshana. Upatu ulikuwepo. Ukilifungua kamusi utalikuta neno hilo na maana mbili: kisahani cha shaba kinachopigwa ngomani, na mchezo wa kuchangiana fedha ambapo kila mmoja hupokea fungu kwa zamu. Sijui mtu mwingine anaisoma vipi hiyo, lakini mimi naona historia nzima ya pwani katika neno moja. Wanawake walewale waliokutana kwenye ngoma ndio waliokutana kwenye fedha. Kijumbe, yule anayekusanya na kugawa, alikuwa mtu anayejua nani ameolewa wapi, nani ana mgonjwa, nani safari hii apewe zamu ya mbele kwa sababu mwanawe anaoa. Aliyekula fungu lake akaacha kuchanga hakupelekwa mahakamani. Alikosa ngoma, alikosa mkeka msibani, na hiyo ilimtosha.

Mtandao huo ndio TANU iliukuta mwaka 1955 ilipoanza kuwatafuta wanawake wa Dar es Salaam. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa ngoma kabla hajawa mwanasiasa, na aliwafikia wanawake kupitia viongozi wa vikundi vya ngoma. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyewahoji wanawake wa TANU na kuchapisha kitabu chake mwaka 1997, alionyesha kwamba wengi wao waliishi kwa biashara ndogo za mikono yao: maandazi, vitumbua, pombe. Walikuwa na muda wao wenyewe na shilingi zao wenyewe. Walichanga, walinunua kadi, wengine waliuza vito vyao ili chama kisafiri. Ninapowasikia wanasiasa wakisema serikali "imewapa" akina mama fedha, huwakumbuka hao. Kama tungeandika daftari la madeni baina ya dola hii na wanawake wafanyabiashara, ukurasa wa kwanza ungekuwa wa fedha zilizotoka kwao kwenda kwake.

Uhuru ulikuja, na Umoja wa Wanawake wa Tanzania ukaanzishwa 1962 na Bibi Titi huyohuyo kama mwenyekiti. Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na mabenki yakataifishwa. Miaka hiyo mkopo ulikuwa neno la kijiji na la ushirika. Mwanamke alikaribishwa kwenye mkopo akiwa ndani ya mradi wa pamoja: shamba la UWT, duka la UWT, mashine ya kusaga. Miradi mingine ilisimama. Mingine ilikufa kwa sababu kinu kilipoharibika hakukuwa na kipuri. Mafunzo yalikuwepo pia. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza 1975, kwa wazo lililochukuliwa Sweden, na wanawake wengi walipita humo kujifunza kushona na upishi. SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, lilikuwa limeundwa kwa sheria ya 1973. Nikitazama kipindi hicho naona dola iliyomwamini mwanamke kama mzalishaji na kumtilia shaka kama mwuzaji. Afume vitambaa, ni vizuri. Akivipeleka sokoni kwa faida, sauti inabadilika.

Shaka hiyo ilifika mwisho wake mwaka 1983. Nchi ilikuwa imetoka vitani Uganda, maduka yalikuwa matupu, mshahara wa mwezi haukufika mwisho wa wiki. Katika mwaka uleule wa vita dhidi ya wahujumu uchumi ikapitishwa Sheria ya Nguvu Kazi: kila mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika, na asiyekuwa nayo arudishwe kijijini. Wauza vyakula wa mitaani walikimbizwa pamoja na vijana waliouza sigara mojamoja. Hawa ndio waliokuwa wakiilisha Dar es Salaam. Jina lao lilitokana na sauti ya wateja wao wenye haraka na sahani mkononi, "mama nitilie", likafupishwa kuwa mama ntilie. Baadaye wakubwa waliona jina hilo lina dharau wakaleta "mama lishe". Mama mdogo anasema chakula ni kilekile.

Kilichoiyeyusha sheria ile si huruma. Mtafiti Aili Mari Tripp alikaa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980 na kueleza jinsi watu walivyoendelea tu kufanya biashara zao hadi kanuni zikawafuata. Nyumba za watumishi wa serikali ziliishi kwa kuku wa mke, kwa barafu za mke, kwa maandazi yaliyobebwa na watoto kwenye ndoo. Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kuwa na mapato mawili, hivyo kukapatikana neno la kufunika: hiyo si biashara, ni mradi. Mama ana mradi. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lilipolegeza masharti ya uongozi, lilikuwa likihalalisha jambo ambalo jikoni lilikuwa limezeeka.

Miaka miwili baadaye, 1993, ukaanzishwa Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake. Hapa ndipo asilimia inapoingia katika maisha yetu. Wizara ingepeleka fedha halmashauri, halmashauri nazo zingeongeza asilimia 5 ya mapato yao kwa wanawake na 5 kwa vijana, na vikundi vidogo vingekopeshwa kwa riba ndogo. Kwa karatasi lilikuwa jambo zuri sana. Lakini asilimia ile ilikuwa agizo, na agizo lisilo na adhabu mkurugenzi huliweka chini ya rundo la maagizo mengine. Mwaka baada ya mwaka kamati za Bunge ziliuliza fedha za wanawake ziko wapi na kujibiwa kwamba mapato hayakutosha. Mwaka 1995 Gertrude Mongella, Mtanzania, alisimama Beijing kama Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake. Huku nyumbani halmashauri zilikuwa bado zinajadili kama zitoe au zisitoe.

Katika miaka hiyo likaenea neno ujasiriamali. Ni neno lililoundwa vizuri, ujasiri na mali vimefungwa pamoja, na lilimpa mwuza vitumbua hadhi ambayo "mradi" haukuwahi kumpa. Lilikuja pia na kitu ambacho nakiangalia kwa jicho la pembeni. Mjasiriamali ni mtu mmoja. Akishindwa, ujasiri wake ndio haukutosha. Hakuna anayeuliza kuhusu barabara, umeme au ushuru.

Hata hivyo mafunzo yaliyokuja na neno hilo sitayabeza. Miaka ya 1990 SIDO, ikishirikiana na UNIDO, iliwafundisha wanawake usindikaji wa vyakula, na baadhi ya waliohitimu wakaunda chama chao, TAFOPA. Achari, jemu, unga wa lishe na siagi ya karanga zilizoanza kuonekana madukani zikiwa na lebo za hapa nchini zina uhusiano na madarasa hayo. Mama mdogo alipata mafunzo ya aina hiyo kwa siku tatu kwenye ukumbi wa kata. Siku ya pili mwalimu aliwaambia waorodheshe gharama za chupa moja ya siagi. Wakaandika karanga, chumvi, mkaa, chupa, kifuniko, lebo, nauli.

"Na mshahara wako uko wapi, mama?" mwalimu akamwuliza.

Mama mdogo akasema yeye hajiajiri, anafanya mwenyewe. Mwalimu akaandika ubaoni saa alizosimama kukaanga na kumenya, akazipa bei ya kibarua wa kawaida, akajumlisha. Chupa aliyokuwa akiiuza kwa faida ikaonekana ameiuza miaka minne kwa hasara, na aliyekuwa akiifidia hasara hiyo ni mgongo wake. Ananisimulia jambo hilo mara kwa mara, na kila mara husimama palepale, kwenye ile namba ubaoni. Alipandisha bei wiki iliyofuata. Wateja wawili walimhama.

Nisiiruke benki. Wanawake walikuwa wamemwomba Rais Benjamin Mkapa mwaka 1999 wapate benki yao, na mwaka 2009, chini ya Jakaya Kikwete, Benki ya Wanawake Tanzania ikafungua milango Mtaa wa Mkwepu, Dar es Salaam. Ilipokea wateja wa kiume pia, jambo lililowachekesha watu wa magazeti kwa muda. Tatizo lake lilikuwa la kawaida kwa benki changa: mtaji. Kumhudumia mteja wa mkopo wa laki mbili kunachukua muda uleule wa mteja wa milioni mia mbili, na Benki Kuu haipunguzi matakwa ya mtaji kwa sababu ya nia njema. Mwaka 2018 iliunganishwa na Benki ya Posta, ambayo sasa ni Benki ya Biashara Tanzania.

Huo 2018 ulikuwa mwaka wa ajabu. Benki ya wanawake ilitoweka. Kifungu cha 37A kikazaliwa, na asilimia ikaacha kuwa agizo ikawa sheria. Na Desemba Rais John Magufuli akatoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi milioni 4 kwa mwaka, ili mgambo wasiwaguse. Katika miezi kumi na miwili mama lishe mmoja aliweza kupoteza benki, kupata haki ya kukopa na kununua ruhusa ya kutofukuzwa.

Hesabu ya asilimia nne inafaa ifanywe polepole. Chukua halmashauri inayokusanya shilingi bilioni moja ya mapato ya ndani yanayohusika. Sehemu ya wanawake ni milioni 40. Ukiwapa vikundi ishirini, kila kimoja kinapata milioni 2. Chenye wanachama kumi, kila mwanamke laki mbili. Halmashauri za mijini zinakusanya mara nyingi zaidi ya hapo, nyingine za vijijini hazifiki hata nusu, kwa hiyo ukubwa wa mkopo wako unategemea umezaliwa au umeolewa upande gani wa mpaka wa wilaya. Na mapato ya ndani ni nini? Ni ushuru wa soko, ushuru wa mazao, leseni, vibanda. Yule mwenye meza ya nyanya anayelipa ushuru kila asubuhi ndiye anayeujaza mfuko ambao jioni moja ya sherehe atapewa hundi kubwa ya maboksi, apigwe picha na mkuu wa wilaya, aambiwe ashukuru.

Kikundi cha mama mdogo kilikopa milioni 5. Waliomba mwezi wa nne wakihesabu kwamba karanga zikishuka bei wakati wa mavuno watanunua magunia ya kutosha mwaka mzima. Fedha ziliingia mwezi wa kumi na moja. Halmashauri yao, ambayo siitaji, haikukosa sababu: kwanza makusanyo, kisha vikao, kisha mtia saini aliyekuwa safarini. Karanga zilikuwa zimepanda. Wakanunua mashine ya kusaga kwa milioni 2.8, na milioni 2.2 iliyobaki ikaenda kwenye chupa, lebo na karanga za bei ya juu. Baada ya miezi miwili ya kujipanga walianza marejesho: shilingi 500,000 kila mwezi kwa miezi kumi, elfu hamsini kwa kila mwanachama.

Mwezi wa nne wa marejesho mwenzao mmoja alimfuata mumewe aliyehamishwa kikazi. Alikuwa mtu mwema, aliaga vizuri, aliahidi kutuma. Alituma mara moja. Mama mdogo ana daftari la kaunta lenye jalada jekundu, na humo ameandika fungu la aliyeondoka likigawanywa kwa tisa: shilingi 5,556 kila mmoja, kila mwezi, hadi mwisho. Walilipa. Mmoja alilipa kwa kuuza kuku wa mayai. Nilimwuliza kwa nini hawakwenda kumweleza bibi maendeleo.

"Nimwambie nini, mwanangu? Kwamba tulishindwa kumshika mwenzetu?"

Jibu hilo ndilo lililonirudisha kwenye upatu. Serikali ilipounda mikopo hii iliazima umbo la kikundi kutoka kwa wanawake. Iliazima dhamana ya aibu, ambayo haiigharimu kitu. Lakini ratiba haikuiazima, wala kijumbe, yule anayejua kwamba karanga hushuka bei mwezi wa sita na kwamba fungu likichelewa miezi mitano si fungu lilelile. VICOBA, vinavyotokana na vikundi vya kuweka akiba vilivyobuniwa Niger mwaka 1991, vilienea haraka nchini kwa sababu vimechukua vyote: sanduku, kufuli zaidi ya moja, zamu, faini, na mkutano wa kila wiki chini ya mwembe. Vikundi vingi vya asilimia nne, kwa upande mwingine, huzaliwa siku tangazo linapobandikwa na kufa siku hundi inapopasuliwa.

Vingine havikuzaliwa kabisa. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ziliandika kwa miaka kadhaa kuhusu mabilioni ya shilingi yasiyorejeshwa na vikundi hewa vilivyokopeshwa. Aprili 2023 serikali ikatangaza bungeni kusitisha mikopo hiyo hadi upatikane utaratibu mpya. Naelewa kwa nini. Fedha ya umma ilikuwa inavuja, na mvujo haukuanzia kwa wauza karanga: kikundi hewa hakiwezi kujisajili, kujikagua na kujiidhinishia mkopo bila mkono wa mtu mwenye muhuri. Adhabu, hata hivyo, iliwafikia wote sawa, waliolipa na wasiokuwepo.

Zaidi ya mwaka mmoja mlango ulifungwa. Wanawake hawakuacha kuhitaji fedha, kwa hiyo wakaenda palipokuwa wazi, kwenye mikopo iliyopewa na mitaa jina la kausha damu. Unachukua laki asubuhi, unaanza kurejesha kesho yake, na ukikosa siku tatu wanakuja kubeba godoro au televisheni. Wawili katika kikundi cha mama mdogo waliingia huko. Mmoja ametoka. Wa pili hazungumzi habari hiyo, na wenzake wameacha kumwuliza.

Mwaka 2024 mikopo ikarejea. Halmashauri kumi, yakiwemo majiji ya Dodoma na Dar es Salaam, ziliteuliwa kujaribu utaratibu wa kupitia benki. Nyingine zikaendelea kukopesha zenyewe kwa kamati na ukaguzi uliokazwa, na maombi yakahamia mtandaoni. Benki haiwezi kukopesha mzimu kirahisi, hilo ni jema. Ninachokihofia ni kwamba benki hupenda vitu ambavyo kikundi cha wanawake tisa hakina.

Mashine ya karanga bado inazunguka. Wamebadilisha mota mara moja kwa fedha yao. Nembo ya TBS wameipata, na chupa zao ziko kwenye maduka mawili makubwa ya mjini, ambayo hulipa baada ya siku sitini. Hizo siku sitini ndizo zinazowarudisha kuomba mkopo tena. Nimewasaidia kupakia katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao na taarifa za benki kwenye mfumo. Picha ya muhtasari ilikataliwa mara tatu kwa sababu ya ukubwa. Safari hii fomu ina majina tisa. Mama mdogo amepiga hesabu ya kurudi nyuma kutoka kwenye mavuno na kuona kwamba fedha inapaswa kuwa mkononi kabla ya Juni. Bibi maendeleo amemwahidi kumpigia simu siku maombi yatakapopita. Mama mdogo amemwomba asisite kupiga hata kama ni usiku wa manane, kwani magunia ya kwanza yanauzwa alfajiri.